Jina la Mbwa wa Ussene

Jioni ile nilikwenda kwa Bi Mwanvua kuuliza jina la mbwa.

Najua linavyosikika. Mtu mzima, mwalimu mstaafu, anapiga hodi kwa watu jua likizama ili aulize mbwa anaitwaje. Lakini wilayani ilikuwa imetoka amri: kila mbwa anayelelewa katika kituo chetu awe na ficha, yaani kadi yake, na kila ficha iwe na jina, lile alilopewa na mwenye mbwa, na mbwa aitike mbele ya ofisa. Asiyeitika ni mzururaji. Mzururaji anapigwa risasi Alhamisi.

Mbwa wetu arobaini wote waliachwa na watu waliokimbia vita. Wenyewe wametawanyika, wengine hadi ng'ambo ya Ruvuma. Thelathini na tisa niliwapatia majina, na siapi kwamba yote ni ya kweli. Mbwa mwenye njaa huitika jina lolote, hata la waziri.

Wa arobaini hakuwa na njaa. Jike jekundu, sikio moja limechanika. Tulimwokota katika kijiji kitupu njia ya Nhica, amelala nje ya nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi na yeye hataki kuingia. Mwezi mzima nilikaa kando yake bila kumtazama usoni, nikimsogezea dagaa. Mwezi mzima, na faida yangu ilikuwa kuruhusiwa kugusa lile sikio.

Bi Mwanvua, mtu wa kijiji kile, alikuwa anapepeta mchele.

"Mwekundu? Huyo mbwa wa Ussene. Yu hai?"

"Yu hai mpaka Alhamisi. Anaitwaje?"

Akaweka ungo chini. Akaenda kufunga mlango.

"Nipe kalamu, Mwalimu."

Akaniandikia kiganjani: *Karibuni*.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ussene tulimsusa," alinong'ona. "Watu walisema anafuga majini. Hakuna aliyekanyaga kwake, hata siku ya Idi. Basi na yeye akatusuta kwa jina la mbwa. Kila magharibi anasimama mlangoni: Karibuni! Karibuni! Tusikie kijiji kizima. Anakuja mbwa peke yake."

"Halafu?"

"Halafu jioni moja wakaja."

"Nani?"

"Wewe ungetoka kutazama?" Akanifuta kiganja kwa upindo wa kanga yake, akasugua mpaka ngozi ikaniwaka. "Sisi tulikimbia watu wenye bunduki. Ussene alishakimbia zamani, vita haijafika. Aliikimbia nyumba yake. Mwite asubuhi, Mwalimu. Mara moja tu. Magharibi usimwite."

Alhamisi, chefe Narciso, mkubwa wa wilayani, alisema angefika saa mbili asubuhi. Alifika saa kumi na mbili jioni, na askari mmoja, na muhuri mfukoni. Gari la serikali aliliacha katikati ya lango letu, lango wazi.

Thelathini na tisa waliitika vizuri. Mfuko wangu ulikuwa umejaa dagaa.

"Na yule?"

"Yule tumwite kesho asubuhi, chefe."

"Kesho amri itakuwa imepitwa na wakati."

"Si ndiyo vizuri?"

"Ikipitwa inatoka mpya, professor. Na hiyo mpya haina kipengele cha majina."

Askari akashusha bunduki begani. Mbali, msikitini, adhana ilianza.

"Karibuni," nikasema, chini chini.

"Kwa sauti. Mara tatu. Imeandikwa."

"Karibuni."

Mbwa wote wakanyamaza. Mara moja, kama redio iliyokatiwa umeme.

Kisha harufu... udi... na udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Yule mwekundu akainuka. Mkia katikati ya miguu. Hakunitazama mimi. Alitazama lango.

"Hajaja," alisema Narciso. Askari akakoki bunduki.

Ningefanya nini? Nilimjua mbwa yule sikio moja tu. Lakini nililijua.

"Karibuni!"

Akaja. Alikimbia akajibana katikati ya miguu yangu hata nikayumba.

Nyuma ya gari mtu akasema, kwa adabu, kama aliyelelewa vizuri:

"Tushakaribia."

Vichwa vya mbwa vikageuka pamoja. Kutoka langoni... polepole... hadi mlango wa nyumba yangu, kule mwisho wa ua. Vikarudi langoni. Vikafuata tena.

Mara saba.

Narciso alikuwa ameinama, anapiga muhuri. "Sikujua una wageni," alisema akikunja karatasi. "Basi nisikucheleweshe."

Tangu siku ile nalala jikoni, nje, na Karibuni. Anakula. Amenenepa. Mlango wa nyumba yangu umefungwa kwa komeo, na komeo liko ndani. Mtungi ninaouacha kizingitini ukiwa umejaa, asubuhi naukuta mtupu na umefunikwa vizuri.

Niliuliza wilayani kama jina linaweza kubadilishwa. Linaweza, kwa saini ya mwenye mbwa.

Bi Mwanvua alisema labda wageni wale humfuata mbwa mwenye jina. Labda. Kwa hiyo Gracinda, nesi kutoka mji wetu wa Pemba, alipoandika kwamba anataka kumchukua mbwa mwekundu, nilikuwa na siku tano za kumwambia ukweli. Nilimwambia anapenda dagaa.

Alikuja asubuhi. Akasoma ficha, akacheka jina, akafungua mlango wa gari. Mimi nilisimama uani, macho kwenye nyumba yangu, nikiombea jambo ambalo mtu mwema haombei.

"Karibuni!" aliita. "Twende!"

Mbwa akaruka ndani ya gari, masikio juu, hakugeuka nyuma.

Pazia la dirisha langu likasogea kidogo. Na kutoka ndani, sauti saba kwa pamoja, bila haraka, zikamjibu kama watu waliokwisha kukaa:

"Starehe."