Kifuu cha Mtani

Lilikuwa kofi moja tu, tena mchana kweupe, na Unaisi alidhani ni mvua.

Suva ikiamua kunyesha hainyeshi kwa mzaha. Tangu alfajiri maji yalikuwa yakimwagika juu ya mabati ya bweni la wasichana, na nguo zilizoanikwa ujiani zilishaanza kunuka uvundo. Unaisi alikuwa amekaa kitandani akiandaa somo la watoto wa darasa la kwanza, kwa maana alikuwa akisomea ualimu, na muhula ule alitakiwa kwenda shuleni kufanya mazoezi. Ndipo aliposikia: po! Sauti nzito yenye mwangwi, kama ya mtu anayekutanisha viganja vilivyokunjwa mfano wa bakuli. Ilitoka uvunguni mwa kitanda cha pili.

Hakuna mtoto wa Fiji asiyeijua sauti hiyo. Mtu akiletewa kifuu cha yaqona, kinywaji cha mizizi iliyopondwa, hupiga kofi moja, hupokea, hunywa mpaka tone la mwisho, kisha hupiga makofi matatu kuonyesha kwamba amemaliza. Unaisi akasubiri yale matatu. Hayakuja. Akainama akachungulia uvunguni. Aliona viatu vya Lavenia na sanduku lake, basi. Lakini palinuka mizizi iliyolowekwa, harufu ya udongo wenye ukali wa pilipili.

"We mwizi, unatafuta nini chini ya kitanda changu?"

Lavenia, mwenzake wa chumba, alikuwa amesimama mlangoni akidondosha maji.

"Natafuta vitu vyangu," Unaisi akajibu. "Si vyote vinaishia huko?"

"Vyako? Tangu lini watu wa Waidrasa wakawa na vitu? Nyie hata vyungu mnaazima kwetu!" Akanyoosha mkono mezani, akachukua kitana cha Unaisi, akakichomeka kichwani mwake. "Hiki nacho changu. Lia basi."

Unaisi akacheka. Kicheko chake kilijulikana bweni zima. Kilianzia chini kama kuku anayetafuta pa kutagia, kikapanda, kikapanda, kisha kikakatika huko juu kwa kwikwi. Wasichana wa vyumba vya jirani wakikisikia walicheka nao, hata kama hawakujua kilichochekwa.

Wawili hawa walikuwa watani. Vijiji vyao vilikuwa kwenye visiwa tofauti, ila wazee walisema vimetoka kwa mzimu mmoja. Kwa hiyo wa huku alikuwa na ruhusa ya kumtukana wa kule, kumchukulia kuku wake na kumvua shanga shingoni, na aliyechukuliwa hakuruhusiwa kununa. Alitakiwa acheke. Kicheko chake ndicho kilichofanya kitu kihesabiwe kuwa kimetolewa, si kuibwa.

Basi Lavenia alichukua. Kitana, kisha sulu ya kijani, nguo ya kujifunga kiunoni, ambayo mama yake Unaisi aliishona kwa mkono, kisha kandambili. Na kila mara Unaisi alicheka, kwa sababu alimpenda. Ndiye msichana aliyempokea siku ya kwanza alipofika bwenini akiwa mgeni, akamgawia muhogo wake na samaki wa kopo kwenye sahani moja.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikuwa la utani kati yao. Lavenia alikuwa ameshindwa mitihani, na chuo kilimwonya kwamba akishindwa tena ataondoka. Baba yake alikuwa ameshasimama kanisani kijijini akatangaza kwamba binti yake ni mwalimu. Unaisi akajitwisha kazi ya kumfundisha. Kila jioni walikaa sakafuni, madaftari yamezagaa, Unaisi akieleza na kurudia kueleza mpaka sauti ikakauka.

Mara Lavenia akaanza kufaulu. Hakufungua kitabu, na alifaulu vizuri sana. Darasani alisimama akaeleza jinsi mtoto anavyojifunza kuhesabu, kwa mfano wa shelisheli linalokatwa vipande na kugawiwa ndugu. Unaisi alikuwa ameketi nyuma. Mfano ule aliufahamu kama mtu anavyoifahamu nguo yake ikivaliwa na mwingine. Alijaribu kukumbuka aliutoa wapi, akakuta mahali pake kichwani pako wazi.

Shuleni nako mambo yakaharibika. Unaisi alikuwa mbele ya watoto, ameshika picha, na binti mmoja mwenye mapengo akauliza, "Mwalimu, huyo ni mdudu gani?"

Ulikuwa mchoro wa kaa. Unaisi alikuwa amekamata kaa tangu hajaweza kusimama sawasawa. Alijua ladha yao na maumivu ya gando lao. Akafungua kinywa. Jina halikuwapo.

Po! Ndani ya kabati la vitabu.

Watoto wote wakageuka. "Mwalimu," yule binti akanong'ona, "nani anakunywa humo ndani?"

Aliporudi bwenini alimsimulia Lavenia kila kitu, akilia. Lavenia akamkumbatia, akamfuta machozi.

"Umechoka tu, mtani. Watu wa Waidrasa vichwa vyenu vidogo, vikijaa kidogo vinamwagika."

"Usinichekeshe, Lavenia. Naogopa. Nahisi kuna kitu kinaninywa."

Mikono ya Lavenia ilisita mgongoni mwake, kisha ikaendelea kumpapasa. "Hebu nipe hiyo foronya, imelowa jasho. Nitakufulia."

"Unafua wewe? Utaiuza."

"Ndiyo, nitaiuza. Leta."

Na Unaisi, huku machozi hayajakauka, akacheka akampa.

Jioni moja alikwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Ulikuwa wimbo aliozaliwa akiusikia, lakini sauti ya tatu ilipoanza, midomo yake ilibaki wazi bila neno. Akatoka kimyakimya akarudi bwenini. Umeme ulikuwa umekatika. Wasichana wengi walikuwa ukumbini wakiimba gizani kwa furaha, na ujia mzima ulikuwa mtupu, ukinuka dawa ya mbu na nguo mbichi. Mlango wa chumba chao ulikuwa umeegeshwa. Harufu ya mizizi ilimfikia kabla hajaugusa.

Akachungulia, na kwa mwanga hafifu wa dirishani akamwona Lavenia amekaa sakafuni ameupa mlango mgongo, miguu ameikunja kama wanavyokaa watu mbele ya wakubwa, na mbele yake foronya imetandikwa vizuri, na juu ya foronya kifuu cheusi kimejaa yaqona mpaka ukingoni, na upande wa pili wa kifuu, pale ambapo angepaswa kukaa mtu wa kunywa naye, hapakuwa na mtu, ila yaqona ilikuwa ikipungua, taratibu, bila kifuu kuinuliwa, ikishuka na kushuka huku kukisikika sauti ndogo ya koo linalomeza, na kila koo lile lilipomeza Unaisi alihisi kitu kinamtoka kifuani, kitu chepesi, chenye vuguvugu, kama jina la mtu aliyempenda.

"Cha mtani ni changu," Lavenia alikuwa akisema kwa unyenyekevu, "na changu ni chako. Amekitoa mwenyewe. Amecheka."

Unaisi akausukuma mlango, ukalia.

"Usiingie," Lavenia akanong'ona bila kugeuka. "Bado anakunywa."

"Nani?"

"Mzee wetu. Wa kwenu na wa kwetu. Nyamaza, Unaisi, nakuomba."

Kifuu kikabaki na maji kidogo chini. Kitu kikajivuta sakafuni kuelekea uvunguni, kizito, kikinuka udongo wa kaburi jipya. Umeme ukarudi. Kule ukumbini wasichana wakashangilia.

"Wewe," Unaisi akasema.

"Niliomba akili ya kufaulu tu," Lavenia akasema, macho kwenye foronya. "Akaniuliza, ya nani? Wewe unazo nyingi. Nilidhani utabaki nazo za kutosha."

"Nilikuwa nakufundisha! Kila siku!"

"Na bweni zima lilijua unanifundisha." Sasa aligeuka, na uso wake haukuwa na utani hata chembe. "Sikukuibia, Unaisi. Kila nilichochukua, ulicheka."

"Na akimaliza kifuu?"

Lavenia akaikunja foronya, akakificha kifuu sandukuni.

Asubuhi Unaisi alimpigia simu Bibi Sereima, shangazi wa baba yake, mkandaji aliyekaa bondeni nje ya mji na kuwatibu watu kwa majani. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Usicheke mpaka nifike," akakata.

Alifika Jumapili baada ya ibada, na kikapu cha majani, pamoja na mjomba wake Lavenia, ambaye Bibi mwenyewe ndiye aliyemwita. Mjomba alibeba jino la nyangumi lililofungwa kwa kamba, kama desturi inavyodai mtu akienda kuomba radhi kwa kosa zito. Matroni aliwafungulia chumba, akanusa, akaenda zake haraka.

"Yaqona ni ya watu," Bibi akamwambia Lavenia, kwa upole uliouma kuliko kofi. "Kwa nini mama zenu waliwakataza kunywa peke yenu? Kwa sababu hakuna anayekunywa peke yake, mjukuu wangu. Mtu asipokaa mbele yako, kingine kitakaa."

Lavenia alilia kimya, mjomba wake akitazama sakafu.

Bibi akamgeukia Unaisi. "Sikiliza kwa makini. Mtani hamnyimi mtani. Alivyochukua kwa sheria hiyo, utavidai kwa sheria hiyohiyo. Vitaje vyote, kimoja kimoja, kabla hujapokea hilo jino. Ukishalipokea umesamehe, na msamaha ni kaburi: kilichofukiwa hakifukuliwi."

Unaisi akavuta pumzi. "Nipe kitana changu, mtani."

Lavenia akakitoa. Kilipogusa kiganja, neno likarudi mahali pake kwa kishindo. Kaa!

"Nipe sulu yangu." Yakarudi majina ya watoto wa darasani, hata la yule mwenye mapengo. "Nipe kandambili zangu." Ukarudi mfano wa shelisheli, na sauti ya nyanya yake aliyempa. "Nipe foronya yangu." Zikarudi nyimbo, sauti zote nne.

"Na sasa nipe kifuu chako."

Lavenia akarudi nyuma, lakini mtani hamnyimi mtani. Akakitoa sandukuni, bado kibichi. Bibi akakipasua kwa jiwe na kukichoma kwenye sufuria pamoja na majani yake. Moshi mchungu ukajaa chumba, na uvunguni kitu kikakwaruza mbao, kikakwaruza, kikatulia.

"Umemaliza?" Bibi akauliza. "Fikiri vizuri. Hakuna kingine alichochukua kwako?"

Unaisi akatazama vitu vyake. Alihesabu kila alichowahi kushika. Hakuna kilichopungua.

"Nimemaliza."

Mjomba akapiga magoti, akalinyanyua jino kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa maneno mazuri ya kizee. Moyo wa Unaisi haukuwa umesamehe lolote. Lakini nani amewahi kulikataa jino mbele ya wazee? Akalipokea. Wote wakapiga makofi mazito ya heshima, kisha mikono ikatulia mapajani.

Ndipo kutoka uvunguni, polepole, kama mtu aliyeshiba: po. Po. Po.

Mjomba, kwa woga wa kutaka kulipoza jambo, akajaribu utani. "Hata mizimu ya Waidrasa haina adabu," akasema. "Inapiga makofi kabla ya chakula." Bibi akaguna kicheko. Lavenia akacheka huku analia. Unaisi naye akafungua kinywa acheke.

Ilitoka pumzi tu.

Akajaribu tena. Akashika koo. Bibi Sereima akamtazama, na uso wake ukafifia taratibu.

"Mjukuu wangu," akasema. "Kila alipochukua kitu, wewe ulimpa na nini juu yake?"

Lavenia alirudi kisiwani kwao kwa meli iliyofuata. Unaisi alifaulu masomo, na watoto walimpenda, ingawa yule binti mwenye mapengo alimuuliza kila wiki, "Mwalimu, utacheka lini?" na kumwonyesha nyuso za kuchekesha mpaka akachoka. Aliomba ahamishwe chumba. Vitanda vilijaa bweni zima. Akatundika majani ya Bibi juu ya mlango, akazoea kulala akielekea ukutani.

Muhula mpya ulipoanza, alitoka jikoni na taulo begani na sufuria ya muhogo mkononi, akamkuta msichana mgeni amekaa juu ya mzigo wake nje ya mlango.

"Dada, hiki ndicho chumba nilichopewa," msichana akasema. "Naitwa Vilimaina. Nimegonga, ila huyo mwenzetu humo ndani ana kicheko jamani! Kama kuku! Hanisikii. Nikasema ngoja amalize."

Sufuria ilimchoma Unaisi vidole, asiiweke chini.

"Umetoka kisiwa gani, Vilimaina?"

Msichana akataja kijiji. Kilikuwa kijiji cha Lavenia.

"Nawe dada?"

"Waidrasa."

"Waidrasa!" Vilimaina akaruka kwa furaha, macho yakametameta. "Basi nimepata mtani! Umekwisha leo!" Akanyoosha mkono, akalivuta taulo begani mwa Unaisi. "Hili changu. Lia basi."

"Hapana," Unaisi akasema.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa na mtu wa kwao kwa mtani. Msichana akaganda, taulo mkononi.

"Sikupi," Unaisi akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, si kwa ajili ya msichana. "Umenisikia? Sijakupa!"

Na nyuma ya mlango uliofungwa kicheko chake kikaanza, kile kilekile, kikipanda na kupanda, kikakatika huko juu kwa kwikwi. Kisha likafuata kofi moja.