Nta Kwenye Skurubu

— Kanyiva, hii laptop umesema imetengenezwa wapi?

— Kwa Odero, Luthuli. Si nilikuambia?

Gerishon akaipindua mezani. Kidole kikapita skurubu moja baada ya nyingine. Nta ya mshumaa aliyoitia kisirisiri ilikuwa vilevile, haijaguswa hata na ukucha.

— Fundi gani huyo hatumii bisibisi?

Kanyiva akacheka, kisha akauona uso wake.

Tangu wakubwa wa hospitali wamfiche hali ya marehemu mkewe hadi akaitwa mochari, Gerishon haamini la kuambiwa. Na sasa huyu, ambaye kesho pasta anatangaza ndoa yao, anashinda mjini kwa mwanamume!

— Vyuma viko sawa, Gerishon. Spika ni nzima, ni Linux, mfumo unaoiendesha laptop, haizioni. Odero amerekebisha kernel, ile programu ya ndani kabisa inayotambua vyuma. Ameongeza mstari wa kuiambia spika za laptop hii ziko wapi.

— Mstari mmoja, mchana mzima?

— Ukiongeza mmoja, mashine inaijenga kernel yote upya. Unakaa tu unangoja.

— Nidanganye vizuri basi!

— Muulize bosi wangu! Yeye ndiye aliyenunua takataka hizi, na Jumatatu sauti isipotoka mbele ya wageni, atanifuta kazi.

Akaiwasha, akabonyeza. Kwaya ikajaa chumba kizima, hadi jirani akagonga ukuta. Mashine iliyokuwa bubu juzi!

Gerishon akashusha pumzi.

— Haya, mama. Yameisha. Nisamehe.

Kanyiva akaizima kwaya.

— Ngoja kwanza. Ulijuaje haijafunguliwa?

— Niliziba skurubu. Na nta.

— Lini?

— Asubuhi... ukioga.

— Halafu ukanisindikiza hadi stage ya matatu, ukanibebea mkoba, ukaniambia Mungu akutangulie?

Kanyiva akachukua simu, akapiga.

— Pasta, ni Kanyiva. Kesho usitutangaze... Kuna nini? Ngoja akuambie mwenyewe.

Akamsukumia simu. Gerishon akaishika kama kaa la moto. Akatafuta wa kumlaumu: bosi, Odero, wale wa hospitali. Hakuna hata mmoja aliyewasha ule mshumaa.

— Haloo, pasta... Ni hii laptop, unajua...

— Si laptop, Gerishon, — Kanyiva akasema, akivaa viatu.