Alichoka Kuutazama Mgongo Wangu

— Simama hapo hapo, Akilimali. Leo sitembei nyuma yako.

Niligeuka. Nubia alikuwa amesimama katikati ya njia ya bustani, barakoa ameishusha kidevuni, anahema. Huyu ni mwanamke wa El Salvador niliyempenda, jirani yangu hapa Liverpool, si ile ya mpira, hii ya nchi ya kangaruu, msafishaji kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, ila tulielewana.

— Kuna nini tena?

— Unanionea haya. Kila siku wewe mbele, mimi nafuata kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Ilikuwa lokdauni ya korona, 2021. Sisi wa huku magharibi mwa jiji tulipewa saa moja ya mazoezi kwa siku, helikopta juu ya vichwa inatufokea turudi ndani. Kwenye tivii tunaona watu wa upande wa bahari wamejaa mchangani wanaota jua. Wakubwa na suti zao wanasimama kila asubuhi kutuambia tuko pamoja. Pamoja na nani? Nilikuwa naizima tivii nisitapike.

Hiyo saa moja kwa Nubia ilikuwa dawa. Kazini wazee wanakufa, wenzake wanaacha kazi, nyumbani ana mama mgonjwa. Kifua kilikuwa kinambana mpaka anakaa chini jikoni. Daktari akamwambia atembee. Dada zake wakamcheka kwenye simu: kupiga deki kutwa ni mazoezi tosha, na mwanamke anayeacha sufuria jikoni akatoka na suruali ya kubana anatafuta mwanaume. Aliniambia wanawake wengi wa kwao wako hivyo, wanabeba kila mtu mpaka siku mwili unakataa. Kazi inauchosha mwili, akasema, lakini haitoi kitu hapa. Akajigonga kifuani.

— Si haya, Nubia. Mimi bado niko kwenye matanga.

Nikamweleza. Mke wangu Miriam alifariki 2020. Tulimzika watu kumi, ndiyo hesabu waliyotupangia wakubwa, wengine wakalilia ndani ya magari. Na kwenye ukoo wetu mgane haendi bega kwa bega na mwanamke mpaka wakwe wakusanyike, wale chakula, waombe, wamwambie sasa uko huru. Kabla ya hapo, akiongozana na mwanamke, yeye anatangulia. Wa kuitisha hicho kikao ni shemeji yangu Mirindi, kaka wa marehemu, mzee wa kanisa. Kila nikimpigia, jibu ni moja: serikali imekataza kukusanyika. Nikiomba tufanye kwa video, anasema matanga hayaondolewi kwenye simu.

— Kwa hiyo mimi nisubiri serikali na shemeji yako, ndipo niwe mtu?

— Vumilia kidogo.

— Nilikuja hapa nipumue. Nikiutazama mgongo wako, kifua kinanibana kuliko nikiwa kazini. Kuanzia kesho natembea peke yangu.

Akaondoka. Simu zangu hakupokea. Nilimwona dirishani akipita peke yake, halafu akaacha kupita kabisa. Nikajua amekaa chini jikoni, kifua kimembana. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumapili ikaingia meseji ya Falone, binti wa baba mdogo wa Mirindi, anayekaa nyumbani kwa huyo Mirindi, mtaa wa Campbelltown. Kwanza video. Gereji imejaa watu, nyama inachomwa, chupa kila mahali, barakoa hakuna hata moja. Katikati Mirindi anacheza, jasho linamtiririka, mdomo unang'aa mafuta. Chini yake Falone ameandika:

"Shemeji hii ni jana. Kaka anakudanganya. Matanga haondoi sababu anataka unioe mimi. Mimi nina mtu wangu Perth. Nisamehe, na uzee huo sikuwezi."

Nikampigia Mirindi.

— Shemeji, matanga yangu lini?

— Ndugu yangu, si unajua sheria. Tumwogope Mungu na serikali.

— Jana gerejini kwako kulikuwa na serikali ipi?

Akakohoa kidogo.

— Yale yalikuwa maombi.

— Maombi na bia?

— Tusipandishe sauti. Falone ni mtoto mzuri. Hatutaki uende kwa watu tusiowajua. Miriam mwenyewe angependa.

— Usimtaje Miriam. Siku ya kumzika ulikaa ndani ya gari kwa sababu ya sheria. Kwa mishkaki sheria hukuikumbuka.

— Unatukana wakwe?

— Wakwe na wakubwa wa nchi hii ni wale wale. Mnatufungia mlango, halafu nyie mnapitia dirishani. Matanga nimeyaondoa mwenyewe, leo.

Nikakata. Asubuhi nikaenda kusimama kwenye geti la Nubia. Akatoka, macho mekundu.

— Polisi watakuuliza unafanya nini hapa.

— Nitasema namsubiri mchumba wangu.

— Nani amekuruhusu?

— Hakuna. Sikuomba.

Akafunga geti, akaanza kutembea, haraka kweli, mimi pembeni yake natweta. Juu kwenye baraza ya ghorofa, Fébronie, mwanakwaya wa kanisa la Mirindi, alituona, akachukua simu yake. Nikamshika Nubia mkono, ili yule mama awe na la kueleza.

— Pole pole, mzee, utakufa, Nubia akasema. Alikuwa anacheka.

Watu waliporuhusiwa kukusanyika tukafunga ndoa. Mirindi akaja, suti mpya, Biblia kwapani, akaninong'oneza:

— Shemeji, tulikuombea sana.

Bibi harusi alikuwa ananitazama, nikampa Mirindi mkono. Halafu nikaenda kunawa kwa sabuni.