Kanuni ya Neno "Pole"

Fundi wa makochi alifanya kazi na misumari midogo mdomoni. Anatoa mmoja, anaupigilia kwenye kitambaa, anatoa mwingine. Zamani mkewe alikuwa akimtania, "Hicho ndicho chakula chako cha mchana?" Sasa hakuna wa kumtania. Mkewe alifariki, na karakana ilikuwa kimya.

Baada ya mazishi, simu yake haikupumzika. Wateja na jamaa walimwandikia barua pepe za rambirambi. Kila simu ilipolia, fundi aliweka nyundo chini, akasoma, akalia upya. Kazi ikalala. Binti yake akamwonea huruma.

"Baba, nipe hiyo simu," alisema. "Nitaiwekea kanuni. Kila barua yenye neno 'pole' itaingia yenyewe kwenye folda ya Rambirambi. Simu haitalia, wala hutaiona barua mpaka utakapotaka mwenyewe."

"Fanya hivyo, mama. Nimechoka kupewa pole."

Kweli, simu ilitulia. Lakini utulivu ule ulimletea fundi uchungu mwingine. Kaka yake, ndugu pekee aliyebaki, hakuja mazishini. Hakuandika hata mstari mmoja. Kaka huyo aliishi peke yake katika mji wa mbali. Kelele za kiwandani zilimharibia masikio, kwa hiyo hakuweza kuongea kwa simu. Wao wawili waliwasiliana kwa barua pepe tu.

"Amenipa kisogo," fundi alimwambia binti yake. "Nilimwandikia siku ya msiba. Unataka nikampigie magoti? Basi, sina kaka."

Alisema hivyo, lakini kila asubuhi aliitazama simu kabla ya kunawa uso.

Jioni moja alikuja jirani yao, mhazili wa ofisi ya shule. Alikuwa amenuna.

"Fundi, siku hizi unaringa! Kiti changu kiko wapi? Nimeandika mpaka vidole vinauma. Nyumbani nakalia ndoo!"

"Sijaona barua yako, jirani. Haki ya Mungu."

"Hukuona? Nami nilianza kwa adabu zote: 'Pole na kazi, fundi.'"

Binti alikuwa akifagia nyuzi. Ufagio ukasimama. Akaeleza ile kanuni, na mhazili akashika kichwa.

"Mwanangu, nia yako ilikuwa njema, lakini neno hilo halifai. Tunampa pole aliyefiwa, aliyechoka, hata aliyejikwaa. Tunasema 'nenda polepole'. Tunasema 'mtoto mpole'. Simu haijui kufiwa wala kuchoka. Inatafuta herufi tu. Ikiziona, inazoa."

Fundi alitema misumari kiganjani.

"Kaka yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Barua zake zote huanza, 'Pole na kazi, mdogo wangu.'"

Wakafungua folda. Kaka alikuwemo, tena mara nyingi. Katika barua ya kwanza aliandika: "Nimelazwa. Kidonda cha mguu kimeharibika. Madaktari hawakuniruhusu kuja kumzika shemeji." Katika barua ya mwisho aliandika: "Kesho wanaukata mguu. Naogopa. Kama umenikasirikia, niambie tu."

Barua hiyo ilikuwa ya mwezi uliopita. Fundi akakaa sakafuni, katikati ya sponji na vitambaa.

"Kosa ni langu, baba," binti alilia.

"Wewe ulinifunika nisiumie. Mimi ndiye niliyemhukumu mtu bila kumtafuta."

Aliandika haraka: "Uko wapi? Nakuja." Mhazili akamgusa bega.

"Akijibu, jibu litamezwa tena. Turekebishe kwanza."

Alifuta kanuni ya zamani. Kisha akampa fundi simu mkononi, aandike mwenyewe.

"Mtu usiyetaka kumkosa, mtambue kwa anwani yake, siyo kwa neno. Andika anwani ya kaka. Sema barua zake zibaki hapa mbele. Kanuni hii iwe ya kwanza, na nyingine zote zisiiguse barua yake."

"Na rambirambi?" binti aliuliza.

"Tumia maneno yasiyo na maana mbili. Jaribu 'pole kwa msiba'. Tuone katika barua za zamani yatazoa nini."

Walijaribu. Zilitoka rambirambi nyingi. Ikatoka pia barua ya muuza vitambaa: "Pole kwa msiba. Mzigo wako umefika, uje uuchukue."

"Mnaona?" mhazili alisema. "Ndiyo maana hatufichi. Tunazitia alama tu, zibaki mbele. Baadaye mkizihamishia folda, fungueni folda hiyo kila wiki. Na msiiamuru simu ifute kitu."

Asubuhi jibu la kaka lilikuwa juu ya barua zote: "Mguu haupo. Mimi nipo. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani."

Fundi alifunga karakana akaenda. Aliporudi, alikuwa amemshika kaka yake bega, na kaka alitembelea magongo. Wakamkalisha kwenye kochi lililokuwa halijamalizika.

"Sikumzika shemeji," kaka alisema. "Nihadithie. Usiruke kitu."

Fundi alianza kwa sauti ya chini. Kaka akatega sikio, akatikisa kichwa. Hakusikia.

Basi fundi akapaza sauti. Alieleza tangu asubuhi ile mkewe alipoomba maji. Majirani walisikia, na wapita njia walisikia. Alilia huku anasimulia, lakini hakunyamaza mpaka alipofika mwisho.