Barua ya Dada Jovita

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kokuberwa alichota maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akamsaidia bibi yake, Georgina, kukata majani ya kutandika sakafuni. Jioni ndiyo aliyoipenda zaidi. Alikaa jikoni na dada yake Jovita wakimenya ndizi, na Jovita alimsimulia mambo ya Chuo Kikuu.

Jovita alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Dar es Salaam, akisomea fasihi ya Kiingereza. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Baba yao, mzee Anatory, alipoanza kukonda na kuishiwa nguvu, Jovita aliomba chuoni ruhusa ya mwaka mmoja, akarudi kijijini kwao, karibu na Muleba, kumuuguza. Mwezi Juni mwaka huo wa 1988 walimzika baba kibanjani, kati ya migomba yake. Tangu hapo Jovita alikuwa akisubiri barua ya kumwita arudi masomoni.

"Kwa hiyo huko mnasoma hadithi tu?" Kokuberwa alimuuliza jioni moja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kwake hadithi haikuwa kazi.

"Hadithi, tamthilia na mashairi," Jovita alijibu, kisu kikitembea juu ya ganda. "Halafu tunabishana. Mhadhiri anauliza kwa nini mwanamke fulani kitabuni amenyamaza, na watu sitini tunatoana jasho saa nzima. Mimi kila ninachosoma najiuliza: huyu anayenisimulia, ananificha nini?"

Kokuberwa aliinama haraka akaokota ndizi iliyokuwa imeanguka. Yeye alikuwa na cha kuficha.

Siku mbili kabla ya jioni hiyo, Mwalimu Mushumbusi, mkuu wa shule, alikuwa amemwita ofisini. Barua za kijiji kizima zilipitia sanduku la posta la shule. Mwalimu alimkabidhi bahasha ndefu yenye muhuri wa Chuo Kikuu.

"Mpelekee dada yako leo leo," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Lakini Kokuberwa alipofika karibu na nyumbani, alisimama njiani. Mama ameondoka. Baba ameondoka. Shuleni wenzake walikuwa wamemwachia dawati peke yake, wakinong'ona kwamba baba yake amekufa kwa ule ugonjwa wa kukondesha, ambao watu wa huko waliuita Juliana. Sasa karatasi hii nayo ilitaka kumchukua dada! Sitoi, alijiambia. Wakitaka, waje wenyewe. Aliiingiza bahasha chini ya godoro lake la majani makavu, akaenda kuchota maji kama kawaida. Kesho yake Mwalimu alipomuuliza kama barua imefika, alimtazama usoni akasema, "Imefika, Mwalimu."

Siku zilipita. Kila Jovita alipomuuliza kama shuleni kumefika barua, Kokuberwa alitikisa kichwa, hata Jovita akaenda Muleba kwa miguu, tena na tena, kuulizia posta, akarudi mikono mitupu, viatu vimejaa vumbi. Alianza kuacha chakula sahanini. Jumapili baada ya misa alikuja Ildefons, mdogo wake baba yao, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alichechemea kidogo, kwa sababu ya jeraha alilolipata katika vita vya Kagera.

"Umeona, Jovita? Wamekusahau," alisema. "Jumamosi tutakaa kikao cha ukoo tumalize jambo hili. Utabaki hapa, umlee mdogo wako na kumtunza bibi yako."

"Nitabaki nikiamua mwenyewe kubaki, baba mdogo," Jovita alijibu. Ildefons alishika kofia yake akaondoka bila kuaga.

Maneno yale yalipaswa kumfurahisha Kokuberwa, lakini hayakumfurahisha. Alhamisi, bibi na Jovita wakiwa shambani, aliitoa bahasha na kuifungua. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, ila Jovita alikuwa amemfundisha jioni nyingi, neno kwa neno. Alisoma polepole, akirudia kila mstari. Nafasi ya Jovita ilikuwa bado ipo. Alitakiwa afike chuoni ifikapo Ijumaa, tarehe kumi na sita Septemba. Asipofika, ataipoteza.

Kokuberwa alihesabu kwa vidole. Siku nane. Meli mpaka Mwanza, kisha treni mpaka Dar es Salaam. Hata hivyo aliirudisha barua chini ya godoro. Sasa kuitoa kulikuwa kugumu zaidi kuliko siku ya kwanza.

Jumamosi mchana wazee sita walikaa uwanjani, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikizunguka. Bibi Georgina alikaa mkekani, mgongo umenyooka. Kokuberwa alisimama mlangoni.

"Ndugu zangu," Ildefons alianza, "kila wiki tunazika. Nyumba zinabaki na vizee na watoto. Huyu binti angesomea udaktari au sheria, ningemvumilia. Lakini hadithi za Waingereza! Watu wa kubuniwa! Mimi nilipovuka mto kwenda vitani, hakuna aliyenisomea hadithi."

Wazee wengine walicheka. Jovita alipiga magoti kuwaamkia, kama ilivyo desturi, kisha akasimama, akaanza kwa neno la heshima la kwao.

"Waitu, baba mdogo, ulikwenda vitani pamoja na baba mdogo Clavery. Wewe ulirudi, yeye hakurudi. Miaka tisa imepita. Mmoja wetu hapa anajua alikufaje?"

Kicheko kilikatika. Ildefons alitazama kibuyu.

"Hujawahi kutusimulia," Jovita aliendelea, "wala sikulaumu. Lakini ndicho ninachokisomea: namna watu wanavyosema jambo lililo gumu kusemeka. Katika lugha ya Waingereza, ndiyo. Nikiijua, hakuna atakayesimulia mambo yetu kwa niaba yetu huku sisi tumekaa kimya. Na leo naanza hapa nyumbani. Mnasema baba alirogwa. Hakurogwa. Baba alikufa kwa UKIMWI."

"Maawe!" mzee mmoja aliguta. "Binti, unamwaibisha marehemu!"

"Simwaibishi. Nilimwogesha, nikamlisha, nikala naye sahani moja, na daktari aliniambia ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kukaa pamoja. Aibu ni kumkimbia mgonjwa, na kumtenga mtoto wake darasani."

Kokuberwa alishtuka. Hakuwahi kumwambia dada yake habari za dawati. Kumbe alijua.

"Maneno unayo," Ildefons alisema, sauti imekuwa nzito. "Lakini hicho chuo chako hakijakuandikia hata mstari mmoja. Utakwenda wapi?"

Mabega ya Jovita yalishuka.

Hapo Kokuberwa alitoka mlangoni. Mtoto haruhusiwi kuingilia kikao cha wakubwa, naye alijua hilo vizuri sana.

"Waitu, barua ipo," alisema.

Alikimbia ndani, akarudi na bahasha iliyokunjamana. Hakumpa baba mdogo aliyenyoosha mkono. Alimpa Jovita.

"Nimeificha siku kumi na moja. Nikaifungua, nikaisoma. Anatakiwa afike Ijumaa."

Ildefons aliinuka, fimbo mkononi. Kokuberwa hakurudi nyuma.

"Nichapeni," alisema. "Nimekosa. Lakini baada ya kunichapa, mwacheni aende!"

"Kaa chini, Ildefons," Bibi Georgina alisema bila kupaza sauti. "Huyu mtoto amesema ukweli mbele ya wanaume sita. Wewe ulipokuwa na umri wake ulivunja mtungi wangu ukamsingizia mbuzi."

Wazee waliangua kicheko. Ildefons alikaa. Bibi aligeukia kikao.

"Mimi nimezaa watoto, vita ikachukua mmoja na ugonjwa ukachukua mwingine. Aliyebaki na akili za kwenda mbele mnataka nimfunge kwenye mgomba? Nina mikono, nina kibanja, na huyu mdogo nitamlea mwenyewe. Jovita atakwenda."

Hakuna aliyempinga.

Jovita alikuwa bado anaisoma barua. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa makali.

"Siku kumi na moja, Kokuberwa. Nilikwenda Muleba kwa miguu mara tatu."

"Nilijua."

"Na ulinitazama nikirudi."

Jovita aliingia ndani kufunga mizigo, wala hakumwita amsaidie.

Jumatatu alfajiri Ildefons alikuja na baiskeli, akafunga sanduku la Jovita nyuma ya kiti na kuisukuma mpaka barabarani, kwenye basi la kwenda Bukoba kupanda meli. Kokuberwa aliwafuata nyuma. Basi lilipotokeza kilimani, alikohoa.

"Ukirudi Noeli," alisema, "nitakueleza habari za Clavery. Uje na daftari."

Jovita alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha alimvuta Kokuberwa kifuani.

"Bado nina hasira na wewe," alimnong'oneza. "Labda itaisha nikifika Mwanza. Utaniandikia?"

"Nitakuandikia kila wiki."

Kutoka barabarani Kokuberwa hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mushumbusi na kumweleza yote, pamoja na ule uongo aliomwambia usoni. Mwalimu alivua miwani.

"Kwa nini hukumwambia dada yako kwamba unaogopa kubaki peke yako?"

"Ningemwambia, angeondoka tu, Mwalimu."

"Labda. Lakini kwanza angekaa na wewe jioni moja mkalia pamoja, kisha akaondoka mkiwa mmeelewana. Ungemwambia ungempa nafasi ya kuchagua. Ulipoficha barua ulimchagulia wewe, gizani, na karibu umpotezee kile alichokihangaikia miaka yote. Hofu si kosa, Kokuberwa. Siku hizi sote tunaogopa. Sema hofu yako kwa mdomo wako, hata sauti ikitetemeka, lakini usiigeuze kuwa uongo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Vizuri. Kwa wiki nzima utapalilia shamba la mahindi la shule, kila saa ya mapumziko."

Wanafunzi waliokuwa wanachungulia dirishani walimzomea alipotoka na jembe begani. Kokuberwa alisimama, akawageukia.

"Ndiyo, nimeadhibiwa, kwa sababu nilidanganya," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Na baba yangu alikufa kwa UKIMWI, na dada yangu amerudi Chuo Kikuu kusoma fasihi. Nikimaliza shule, na mimi nitakwenda. Mwenye swali jingine aulize sasa, nina kazi shambani."

Alikwenda kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, akainama, akaanza kupalilia.