Daftari la Picha Kumi

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kumlisha bibi, na kumwonyesha picha kumi. Zilikuwa picha za vitu vya kawaida: kijiko, ufunguo, kiatu, ndoo na vinginevyo. Bibi alizitazama, tukapiga soga dakika kumi, kisha nikamuuliza anakumbuka zipi. Idadi niliiandika kwenye daftari. Kazi hiyo alipewa mama, lakini mama ni fundi cherehani na alikuwa akirudi jioni hoi, basi akaniachia mimi.

Daftari lilikuwa la daktari mmoja, mtafiti wa magonjwa ya ubongo; kila mwisho wa mwezi mama alimtumia namba zake kwa simu. Siku ya kwanza alikaa nasi sebuleni akatueleza.

"Ubongo una seli zake za ulinzi," alisema. "Kazi yao ni kufagia taka na kupambana na vijidudu. Kwa bibi walinzi hao wamechachamaa, hawapumziki. Wanaleta uvimbe mdogo sana, usioonekana kwa macho, na wanaharibu hata seli zenye afya. Ndiyo maana anasahau. Dawa ninayoifanyia majaribio inakusudiwa kuwatuliza; ataimeza kila siku, na picha zitaonyesha kama inamsaidia."

"Nani anasahau?" bibi alidakia. "Huyu ni Kiherehere, mjukuu wangu. Nyie je, mnajijua?"

Tulicheka sana. Wakati huo bado tulikuwa na nguvu za kucheka.

Mwezi wa kwanza bibi alikumbuka picha saba. Mwezi wa pili, tano. Siku moja ya mwezi wa tatu alikumbuka tatu tu, akanitazama, machozi yakamlengalenga. Niliandika nane. Jioni mama alifungua daftari, akaruka kutoka kitini.

"Nane! Jamani, mama yangu anapona!"

Akaanza kuimba huku akikunja nguo za wateja. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu bibi aanze kuugua. Ningemnyang'anyaje furaha ile? Kesho yake niliandika nane tena, na keshokutwa tisa.

Nilijiambia kuwa nawasaidia. Nilikuwa mjinga. Dawa ilimkata bibi hamu ya kula, magauni yakampwaya, na akawa anauliza choo kiko wapi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mama aliyaona yote hayo, ila akilitazama daftari anasema, "Leo kachoka tu."

Mwezi wa sita daktari alikuja, uso umejaa tabasamu. Bibi alikuwa amelala.

"Tusimwamshe," alisema, akatandaza mezani karatasi yenye mistari. "Wagonjwa ishirini. Kumi na tisa wanashuka, mmoja anapanda. Ni bibi! Na ni yeye peke yake anayepata dozi kubwa. Kuanzia Jumatatu wote watapewa dozi hiyo."

Mama alimshika daktari mikono yote miwili, akamshukuru. Niliwafikiria wale wagonjwa kumi na tisa wakisukuma sahani pembeni kama bibi. Daktari alitia daftari mkobani, akaaga, akatoka. Nilimkimbilia hadi getini.

"Daktari, namba zile si za kweli. Nilizitunga."

"Zipi?"

"Kuanzia mwezi wa tatu. Zote."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alirudi ndani polepole kumwambia mama.

Mama aliweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. "Kumbe nilikuwa naimba bure," alisema. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Dawa ilisimamishwa siku ileile, na wale kumi na tisa hawakuongezewa dozi. Baada ya wiki tatu bibi alimaliza sahani nzima ya chakula na kuomba nyingine. Lakini miezi aliyoteseka na dawa isiyomfaa hakuna wa kuirudisha, na aliyoyasahau hayakurudi.

Daktari alikuja tena, mkononi ana daftari jipya.

"Kosa si lako peke yako," aliniambia. "Kazi hii haikuwa ya mtoto. Na mimi nilizipenda namba zako mno, nikaacha kuja kumtazama mgonjwa mwenyewe. Lakini nisikilize vizuri. Ile tatu uliyoificha ndiyo niliyoihitaji. Ingenionyesha mapema kwamba dawa haimsaidii, ningeiondoa. Ukimficha daktari ukweli kwa kumhurumia mgonjwa, anayeumia ni huyohuyo mgonjwa. Halafu uliposema kweli, uliwaepusha na mateso watu usiowajua hata kwa sura. Yote mawili ni yako, usisahau hata moja."

Akampa mama daftari. Tangu siku hiyo mama anawahi kurudi. Mimi naonyesha picha, yeye anaandika.

Jioni hiyo tulianza upya. Dakika kumi zilipokwisha, bibi alikunja uso, akafikiri.

"Kijiko," alisema. "Na ndoo."

Tukasubiri. Hakuongeza kitu. Kisha akanigeukia, akatabasamu kwa upole.

"Na wewe binti, ni mtoto wa nani?"

Mama alinitazama, kalamu imesimama juu ya karatasi.

"Andika mbili, mama," nilisema.