Gunia la Kona ya Punda

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, Jumapili ya tarehe kumi na moja Mei, Sajenti Dama alipiga magoti kwenye tope la uwanja wa mbio za magari wa Mjambere, akapenyeza mkono kati ya nondo za mtaro, mpaka begani. Alitarajia kugusa majani au takataka. Alichokigusa ni gunia lililojaa vumbi la mawe, limeshindiliwa barabara mdomoni mwa mtaro.

"Mvua haishindilii gunia," alisema, akasimama kujipangusa.

Saa moja kabla ya hapo, gari la Imad, kijana wa Bombolulu aliyekuwa akishindana kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, liliingia Kona ya Punda kwa kasi, likakuta maji ya kufika magotini mahali palipotakiwa kuwa pakavu, likapinduka mara tatu. Sasa Imad alikuwa hospitalini, uti wa mgongo umevunjika, hajazinduka. Na watu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao: mkosaji ni Salsabil, mkuu wa mbio, aliyeruhusu magari yatoke kwenye mvua ili televisheni ipate kipindi chake.

Uwanja wenyewe ni timbo la zamani. Watu wamechimba hapo mawe ya kujengea nyumba miaka na miaka, hata pakawa bonde. Maji yote ya mvua hushukia humo, na hutokea kwa njia moja tu, ule mtaro wa Kona ya Punda wenye lango la nondo na kufuli. Gunia lilikuwa upande wa ndani wa lango. Kufuli ilikuwa nzima, tena imefungwa.

Kwa hiyo aliyelitia alikuwa na ufunguo, na funguo zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa nao Salsabil. Wa pili alikuwa nao naibu wake, Mwinyihaji, mzee wa Likoni. Wa tatu alipewa Boga, mpangaji wa vipindi vya televisheni, maana nyaya zake zilipita humo mtaroni.

Saa nazo zilibana. Saa tisa na nusu Salsabil na wapeperusha bendera wawili walikagua kona ile wakakuta maji yanatoka vizuri. Dakika tano baadaye mvua ikarudi kwa nguvu. Saa kumi kamili magari yakaondoka. Gunia lilitiwa ndani ya ile nusu saa.

Jumatatu saa tatu asubuhi Salsabil aliketi kituoni mbele ya Dama, buibui lake bado lina madoa ya tope la jana.

"Nilimwambia Boga mbio tuzifanye saa nne asubuhi," alisema. "Masika haya mvua yaja mchana kila siku, hata mtoto ajua. Akasema saa nne hakuna atazamaye. Alitaka saa kumi."

"Nawe ukakubali."

"Nilikubali. Sitakataa mbele yako, wala mbele ya Mungu."

"Toka saa tisa na nusu hadi saa kumi ulikuwa wapi?"

"Mnarani, pale tunapoendeshea mbio, peke yangu. Sikushuka. Hata swala haikunishusha, maana imamu alitukusanyia adhuhuri na alasiri saa saba, mvua ilipokuwa ikimwagika."

Dama akaandika: mnarani, peke yake. Hayo ya swala hakuyaandika. Yeye ni Mgiriama wa kanisani, na mambo ya msikitini alikuwa na mazoea ya kuyaacha yapite.

"Na Imad alikuwa nani kwako?"

Salsabil akatazama mikono yake. "Mchumba wangu. Mwezi wa pili aliniacha, akaenda kuposa msichana mwingine, kwa kina Jalila."

"Ukaona wivu?"

"Wallahi niliona. Picha zake zote nilizichoma kwa jiko la makaa, moja moja. Lakini gari lake nililikagua mara mbili zaidi ya mengine, mtu asije akasema."

Jibu hilo lilimwingia Dama moyoni. Halikumwingia Inspekta Griffin, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na chai yake mkononi.

"Sajenti, hii kesi imeiva," alisema walipobaki wawili. "Dem ameachwa. Ako na ufunguo, na hana shahidi. Jumatano asubuhi tunampeleka kortini."

Miaka mitatu nyuma Griffin alifika kituoni hajui hata kuandika maelezo ya shahidi. Dama ndiye aliyemfundisha. Januari hii Griffin akapandishwa cheo akampita, na tangu siku hiyo kila saluti aliyompigia ilimkwama Dama kooni kama mwiba wa samaki. Alijijua. Ndiyo sababu alijiuliza kwa uchungu: je, namtetea binti huyu kwa kuwa hana hatia, au kwa kuwa anayemshtaki ni Griffin? Alichokuwa nacho ni siku mbili, na msichana ambaye akifikishwa kizimbani kwa jina la wivu, Mombasa nzima haitamsafisha tena.

Saa nane mchana alimkuta Boga ndani ya gari lake la matangazo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mafundi wake watatu walisema kwa kauli moja kwamba toka saa tisa hadi ajali ilipotokea Boga hakutoka humo hata kwenda haja.

"Kamera mliielekeza Kona ya Punda," Dama alisema. "Mlijua kuna kitu kitatokea?"

"Iko pale kila siku, Sajenti. Ndiyo kona kali kupita zote. Tuliifunika nailoni kwa mvua, tukaifunua saa kumi kasoro dakika tatu."

Akamwonyesha picha. Magari yalitoka yote kwa mshindo mmoja. Dama hakuwa mjuzi wa mbio, lakini jana aliwasikia madereva wakilalamika.

"Kwa kawaida si huanza na mzunguko wa taratibu, kila dereva akaitazama njia?"

Boga akasimamisha picha. "Niliuomba ufutwe. Saa kumi kasoro dakika mbili, kwa simu, mimi na Salsabil tu. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali."

"Kwa nini uliomba?"

"Kituo cha wenzetu kilikuwa na fainali ya mpira. Inaisha saa kumi. Nilitaka watu wakihama huko wakute magari yanaruka, si yanatambaa."

"Wivu na kituo cha wenzenu."

"Sajenti, kazi yetu yote ni wivu," Boga alisema, na hakucheka.

Dama akamwambia arudishe picha nyuma. Pembeni, nyuma ya ukuta wa matairi, karibu na mtaro, alisimama mtu mwenye koti la mvua la rangi ya chungwa, kofia ya koti imemfunika uso. Injini ziliponguruma alishtuka. Akainua redio ya mkononi mpaka mdomoni. Akabaki hivyo. Kisha akaishusha, na sekunde arobaini baada ya kushtuka kwake gari la Imad likaingia majini.

"Koti hilo wanalo wangapi?"

"Wote wa uwanjani. Kumi na watano, pamoja na Salsabil mwenyewe."

Saa kumi na moja Dama alivuka feri kwenda Likoni. Mwinyihaji alimpokea barazani kwa heshima zote, na mkewe, Suad, akaleta kahawa na kashata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Msiba gani huu ulotufika!"

Ukutani palikuwa na picha moja tu, imekwisha kupauka: Mwinyihaji kifua wazi, sururu mkononi, amesimama ndani ya mtaro wa timbo.

"Ule mtaro aliuchimba yeye," Suad alisema. "Miaka kumi na miwili ameutunza ule uwanja. Mwaka jana televisheni ikaja, klabu ya mbio ikamtaka mtu wa kusema vizuri mbele ya kamera. Ukubwa akapewa Salsabil. Huyu wangu hata siku moja hawakumwonyesha."

"Wacha maneno, mke wangu," Mwinyihaji alisema kwa upole. "Binti ni hodari. Na kwa tivii yuwapendeza."

Dama akamuuliza kuhusu Jumapili. Alijibu bila kusita. Saa tano alikwenda Changamwe kuchukua mapipa ya mafuta ya injini, malori yakamchelewesha njiani, akarudi timboni saa tisa kasorobo. Wakati wa alasiri ulipoingia, saa tisa na dakika arobaini, alikwenda kwenye msikiti mdogo wa mabati ulio kwenye lango la kuingilia uwanjani, akaswali jamaa nyuma ya imamu. Alitoka saa kumi kasoro dakika tano, akasimama hapo langoni mpaka aliposikia kishindo.

Jibu lilikuwa safi. Dama alirudi ng'ambo amenyong'onyea. Boga ana mashahidi watatu, Mwinyihaji ana msikiti mzima. Aliyebaki ni msichana aliyechoma picha.

Jumanne saa nne asubuhi alikwenda kumtafuta Ahmad, muadhini wa msikiti ule, ili tu aandike jina la shahidi mmoja wa Mwinyihaji. Kazi ni kazi. Ahmad hufanya kazi ya kuchonga kwenye karakana moja Bombolulu. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, patasi mkononi. Lakini kabla ya kumtaja Mwinyihaji, Dama alikumbuka lile neno ambalo hakuliandika.

"Bwana Ahmad, imamu akikusanya swala, maana yake nini?"

Ahmad akamweleza taratibu, kama mtu anayependa kuulizwa. Alipomaliza Dama alimuuliza maswali mawili mengine, akafunga daftari.

"Sajenti," Ahmad akamwita alipokuwa akiondoka. "Swala ina saa zake, na mwenyewe alozipanga ni Mungu. Naye karuhusu zisogezwe kwa ajili ya mvua. Hiyo televisheni ni ya nani, hata isisogezeke?"

Saa kumi alasiri siku hiyo hiyo waliitwa wote Kona ya Punda. Alikuwapo Griffin, mikono mfukoni, amekuja kushuhudia Dama akiaibika. Walikuwapo Salsabil, Boga na Mwinyihaji. Ahmad alisukumwa na jamaa zake mpaka ukingoni mwa njia.

"Mzee Mwinyihaji," Dama alianza, "Jumapili alasiri uliswali wapi?"

"Nishakwambia, mwanangu. Msikitini pale, nyuma ya imamu."

"Nani alikuwa kando yako?"

"Nilikwenda kuswali, sikwenda kutazama watu."

"Mwambie, Bwana Ahmad."

Ahmad alisema kwa huzuni, macho yake chini. "Mzee, adhuhuri mvua ilikuwa ya kukata na shoka, bati lavuja. Imamu akaswalisha adhuhuri, na papo hapo akaikusanya na alasiri, kama ilivyoruhusiwa penye mvua. Kisha mimi mwenyewe nikafunga mlango kwa ufunguo. Imamu akarudi kwao. Jumapili ile hapakuswaliwa alasiri pale, na mlango haukufunguliwa mpaka magharibi."

Mvua ya rasharasha ilianza kudondoka.

"Kila aliyekuwa timboni saa saba alilijua hilo," Dama alisema. "Salsabil alinitajia siku ya kwanza, nami nikalipuuza. Asiyelijua ni mtu mmoja, aliyekuwa Changamwe. Njia ya mwongo ni fupi, mzee."

Griffin alitoa mikono mfukoni. Dama alimwona, akafurahi, wala hakuona haya kufurahi.

Sauti ya Mwinyihaji sasa ilikuwa nyingine, nyembamba.

"Vyaelea, vimeundwa," alisema. "Ni nani aloviunda? Huu mtaro ni jasho langu. Kila kona hapa ni mimi niloipa jina. Kisha jioni naketi kwangu nawasha tivii, namuona yeye. Yeye asifiwa kwa uwanja mzuri. Mke wangu ataka kuzima, namkataza. Nilikuwa nataka nione mpaka mwisho."

"Ulitaka Imad afe?"

"La! Wallahi la. Mzunguko wa taratibu ungeyaona maji, nao huenda polepole, haumdhuru mtu. Mbio zingevunjwa nchi nzima ikitazama, watu waseme msichana hajui hata kukagua mtaro. Hilo tu ndilo nilotaka. Sikujua wameufuta."

Boga akageuka, akampa mgongo kila mtu.

"Ulijua magari yaliponguruma," Dama alisema. "Kamera ilikuona. Ulikuwa hapa, redio mdomoni. Ulikuwa na sekunde arobaini."

Salsabil alisogea mpaka mbele ya mzee, karibu sana, tope likimfika vifundoni.

"Baba Mwinyihaji," alisema. "Mimi ndiye niloiteremsha bendera. Nitalala na hilo maisha yangu yote. Lakini redio yangu ilikuwa wazi. Ungesema simama. Neno moja tu, mbio ningezisimamisha."

"Najua," Mwinyihaji alisema.

"Mbona hukusema?"

Mzee alimtazama binti yule, na mvua ikampiga usoni asiipanguse.

"Ungezisimamisha," alisema. "Na jioni wangekuonyesha tena, wewe ulomuokoa Imad."